Mwongozo kamili wa kuisoma Roma ya kale ukiwa na simu na bando tu

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Mi nilianza na orodha ya makaisari. Nikachukua daftari nikaandika Augustus, Tiberius, Caligula, Claudius, Nero, nikashuka nayo mpaka huko chini kwenye majina ambayo hata walimu wenyewe wanayapitia haraka haraka, na baada ya mwezi mzima kilichobaki kichwani ni Nero na ule moto. Mwezi! Orodha haina watu ndani, ina majina, na majina bila stori hayakai.

Kilichokuja kunisaidia ni kuchukua kipande kifupi cha muda, nikawasikiliza watu waliokuwa hai kipindi hicho, na kila nikiambiwa jambo nauliza: huyu anayesema ni nani, na alikuwepo? Hilo swali la mwisho ndo kila kitu kwenye huu mwongozo, utaliona linarudi rudi.

Hatua ya 1: anza na unavyovijua

Unavyo vingi. Fungua kalenda ya simu. Julai ni ya Julius Caesar, Agosti ni ya Augustus, jamaa walipewa miezi yao na mpaka leo tunalipa kodi ya nyumba kwa majina yao. Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba zimetoka kwenye maneno ya Kilatini ya saba, nane, tisa, kumi. Sasa Desemba mwezi wa kumi na mbili inaitwaje kumi? Ni kwamba mwaka wa Warumi zamani ulikuwa unaanza Machi, hesabu kuanzia Machi utaona inakaa sawa.

Kama umekulia kanisani, Agano Jipya lote limetokea ndani ya dola ya Roma. Sensa ya Kaisari Augusto kwenye Luka, Pilato, maakida, watoza ushuru, wote hao ni watu wa serikali ya Roma au wanaofanya kazi chini yake. Chukua Matendo ya Mitume sura ya 22 mpaka 28 uisome kama kesi ya mahakamani, Paulo anamuuliza akida, mnaruhusiwa kumpiga viboko raia wa Roma ambaye hajahukumiwa? na mkuu wa kikosi akisikia anaogopa. Hapo umeshajifunza uraia wa Kirumi ulikuwa na uzito gani, rufaa kwa Kaisari ilikuwaje, na hata meli ya nafaka ya Alexandria inayoenda Italia imo, mpaka wanamwaga ngano baharini. Kama umekulia madrasa unayo Surat Ar-Rum, na Warumi wanaosemwa pale ni wale wa Konstantinopoli waliokuwa wanapigana na Waajemi miaka ya 600 na kitu. Kwa hiyo tayari unajua jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba ile ya "Roma ilianguka 476" ni upande wa magharibi tu, wenzao wa mashariki waliendelea kujiita Warumi mpaka Waturuki walipoichukua Konstantinopoli mwaka 1453.

Hatua ya 2: chora mstari, usizidishe

Miaka ya kabla ya Kristo inahesabiwa kurudi nyuma, 133 KK inatangulia 44 KK, na mwaka sifuri haupo, ukitoka 1 KK unaingia 1 BK. Chora mstari kwenye karatasi, pigilia misumari mitano: 753 KK mji unaanzishwa (kwa masimulizi yao wenyewe, ya Romulus na Remus, hakuna aliyekuwepo na kuandika), 509 KK wanawafukuza wafalme na jamhuri inaanza, 27 KK Augustus anabaki na mamlaka yote, 476, 1453. Basi. Mengine yatajipanga yenyewe kadri unavyosoma.

Hatua ya 3: chukua karne moja na nusu hivi, kaa nayo kichwani

Ushauri wangu ni 133 KK mpaka 14 BK. Sababu ni kwamba hapo ndo jamhuri inakufa polepole watu wakiwa wanaangalia, na pia ndo kipindi ambacho watu wenyewe waliandika sana, kwa hiyo lile swali la "ulikuwepo?" lina majibu.

Stori yenyewe kwa kifupi inaenda hivi. Mwaka 133 KK Tiberius Gracchus, mtetezi wa watu wa kawaida, anataka ardhi ya umma igawiwe wasio na kitu, na maseneta wanamuua na wafuasi wake kwa kuwapiga na vipande vya mabenchi, maiti wakatupwa mto Tiber. Miaka kumi na mbili baadae mdogo wake Gaius naye anaenda. Anakuja Sulla, jenerali aliyeingiza jeshi ndani ya mji wa Roma mwaka 88 KK, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika, na akirudi tena mwaka 82 KK anabandika orodha ya majina hadharani, jina lako likiwepo yeyote anaruhusiwa kukuua na analipwa, na mali yako inapigwa mnada, fikiria ulivyokuwa usingizi wa mtu mwenye shamba zuri kipindi hicho. Mwaka 73 KK Spartacus na wenzake sabini na kitu wanatoroka shule ya magladieta (watumwa waliofundishwa kupigana mbele ya watazamaji) ya Capua wakiwa na visu vya jikoni, wanageuka jeshi kubwa, wanasumbua miaka miwili, na mwisho watu 6,000 waliotekwa wanasulubishwa pembezoni mwa barabara kutoka Capua mpaka Roma. Halafu vigogo watatu, Pompey, Crassus na Julius Caesar, wanakula njama pamoja, Crassus anafia vitani, wawili waliobaki wanagombana, Januari 49 KK Caesar anavuka kijito cha Rubicon na jeshi, na vita ya wenyewe kwa wenyewe inaanza. Anashinda, anauawa 15 Machi 44 KK, wanapigana tena, na aliyebaki amesimama mwisho ni kijana wa dada wa binti... ngoja, ni mjukuu wa dada yake Caesar, Octavian, ambaye tunamwita Augustus. Akafa 14 BK kitandani kwake, mzee, jambo ambalo wengi waliotajwa hapa hawakulipata.

Usiikariri. Isome mara tatu tofauti kwenye vitabu au video tofauti, utaona inashika.

Kuna utani mmoja wa wakati huo unaoonyesha mambo yalivyokuwa. Roma ilikuwa inachagua makonsuli, yaani viongozi wakuu wa serikali, wawili kila mwaka ili mmoja amzuie mwenzake, na mwaka ulikuwa unaitwa kwa majina yao. Mwaka 59 KK makonsuli walikuwa Caesar na Bibulus, lakini Bibulus alizidiwa mpaka akajifungia nyumbani, basi watu wakawa wanasema huu ni mwaka wa konsuli Julius na konsuli Caesar.

Hatua ya 4: majina, maana yatakutoa roho

Hapa ndo wengi wanaachia. Mwanaume Mrumi mwenye hadhi ana majina matatu: lake mwenyewe, la ukoo, na la tawi la ukoo, ambalo mara nyingi lilianza kama jina la utani. Marcus Tullius Cicero, huyo Cicero imetoka kwenye neno la dengu, yaani Marcus wa ukoo wa Tullius, yule wa Dengu. Majina ya kwanza yalikuwa machache sana kwa hiyo kina Gaius na Marcus wamejaa kila kona. Wanawake walikuwa wanapewa jina la ukoo tu, binti wa Julius ni Julia, binti wa Cornelius ni Cornelia, wakizaliwa wawili wote ni Cornelia, mkubwa na mdogo. Na ukiasiliwa unachukua jina la baba mpya, ndo maana huyo Octavian kazaliwa Gaius Octavius, akawa Gaius Julius Caesar, akaja kuwa Augustus, na ni mtu yule yule. Tengeneza ukurasa wa majina mwisho wa daftari, kila mtu mpya mwandikie ukoo wake, nani alikuwa upande wake, na alikufaje. Hicho cha mwisho kinasaidia kukumbuka kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 5: mbane anayekusimulia

Sasa lile swali. Gawa ukurasa safu tatu: nani kasema, aliandika miaka mingapi baada ya tukio, na ana ugomvi na nani.

Jaribu na Nero. Utaona kila mahali kwamba alipiga fidla Roma ikiungua mwaka 64 BK. Fidla yenyewe ilikuwa haijatengenezwa, ilikuja zaidi ya miaka elfu moja baadae. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye wakati wa moto alikuwa mtoto mdogo, anasema Nero alikuwa Antium moto ulipoanza, akarudi, akafungua bustani zake kwa waliounguliwa, na kwamba ulizuka uvumi tu kuwa aliimba habari za Troya, mji wa kwenye hadithi za kale ulioteketezwa kwa moto. Au farasi wa Caligula, mitandaoni wanasema alimfanya seneta, wengine konsuli. Ukimfungua Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, aliyeandika miaka kama themanini baada ya Caligula kufa, anasema inasemekana alipanga kumfanya konsuli. Inasemekana. Alipanga. Umeona ilivyovimba?

Na hii ya Caesar tuimalize kabisa. Wengi wetu tunamjua kupitia tamthilia ya Shakespeare, na Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ilitoka 1963, Kiswahili chake kitamu sana na ukiipata isome, lakini ujue Shakespeare aliandika miaka zaidi ya 1,600 baada ya mauaji. Ile ya "hata wewe Brutus" imevuma kupitia yeye. Suetonius anasema Caesar alichomwa majeraha 23, akaguna mara moja tu, hakusema neno, ila wapo wanaodai alimwambia Brutus, mmoja wa waliomchoma, kwa Kigiriki "na wewe, mwanangu?" Anaongeza kwamba daktari aliyekagua maiti alisema katika majeraha yote hayo moja tu ndo lingeweza kuua, la pili, la kifuani.

Hatua ya 6: fasihi, kwa mpangilio ambao hautakuchosha

Usianze na Virgil, yule mshairi wa Aeneid, utenzi mrefu wa safari za Aeneas aliyetoroka Troya. Najua kila mwongozo unakwambia uanze na Virgil. Utachoka ukurasa wa kumi, utadhani tatizo ni wewe.

Anza na barua. Pliny Mdogo aliandika barua mbili kwa Tacitus kuhusu mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK na kuufukia Pompeii, zimo kwenye kitabu chake cha sita, ya 16 na ya 20. Huyu alikuwepo, ana miaka 17, ng'ambo ya ghuba. Mjomba wake, kamanda wa meli za kivita, anaona wingu lenye umbo la msonobari, anaondoka na meli kwenda kuokoa watu, kule watu wanajifunga mito ya kulalia kichwani kwa vitambaa ili mawe yasiwaumize, na mjomba hakurudi. Kijana mwenyewe ardhi inatetemeka yeye anaomba kitabu cha historia anaendelea kunakili, na anakiri hajui aite ujasiri au ujinga. Zinasomeka jioni moja.

Kisha barua za Cicero, mwanasiasa na mzungumzaji maarufu wa Roma, zimebaki zaidi ya 800, na nyingi hakutegemea zisomwe na watu. Analalamika, anajisifu, anaogopa, binti yake anakufa na mzee anavunjika kabisa. Barua za kwa Tiro zitafute, huyo alikuwa mtumwa na karani wake, akaja kumwacha huru, na akiugua Cicero anamuandikia kila mara kwamba asisafiri mpaka apone. Ni barua nzuri na zinakukera kwa wakati mmoja, maana unajua aliyeandikiwa alikuwa mali ya mwandishi. Mwaka 43 KK Cicero akauawa, kichwa na mkono vikatundikwa jukwaani pale pale alipokuwa anahutubia.

Baada ya hapo Suetonius kwa umbea, Julius Caesar mwenyewe kwenye vita vya Gaul (anajitaja kama "Caesar alifanya hivi", ujanja huo), vichekesho vya Plautus na Terence. Ndo uende kwa Virgil, na uanze na kitabu cha pili, usiku Troya inateketea, halafu cha nne, Dido malkia wa Carthage na yule Aeneas aliyemkimbia. Virgil alikufa 19 KK kabla hajaimaliza hiyo Aeneid, akataka ichomwe moto, Augustus akakataa. Ovid, mshairi mwingine, mweke baadae, yeye Augustus alimfukuzia Tomis, kwenye bahari nyeusi, Romania ya leo, mwaka 8 BK, na mwenyewe anasema sababu ni shairi na kosa, hilo kosa hakulitaja mpaka anakufa.

Tafsiri zilizopo ni za Kiingereza karibu zote, kwa Kiswahili ni chache mno, tukubali tu. Zile za zamani ni bure kabisa: Project Gutenberg, Perseus ya chuo cha Tufts, LacusCurtius, na LibriVox kama unapenda kusikiliza ukiwa kwenye daladala. Pakua yale maandishi matupu bila picha, faili ni dogo, bando halitaisha. Kiingereza chake cha kizamani kikikushinda usijilaumu, tafuta tafsiri nyingine ya kitabu hicho hicho.

Hatua ya 7: waone wakila na wakivaa

Ukibaki kwa majenerali tu utadhani Roma ilikuwa watu mia mbili. Wengi mjini walikaa magorofa ya kupanga yaliyoitwa insulae, chini maduka, na kadri unavyopanda juu ndo unavyozidi kuwa maskini, maana moto ukiwaka wewe wa juu ndo wa mwisho kujua. Wengi hawakuwa na jiko la maana, walinunua chakula vibandani, Pompeii vibanda hivyo bado vipo na matundu ya vyungu kwenye kaunta. Asubuhi mtu wa chini alikuwa anaenda kumsalimia mkubwa wake mlangoni, anapewa chochote, na siku ya uchaguzi mkubwa anazihitaji hizo salamu. Hili halihitaji maelezo marefu kwetu.

Ila kama utasoma kitu kimoja tu hapa, soma vibao vya Vindolanda. Ni vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa wino, vilianza kupatikana 1973 kwenye matope ya ngome moja kaskazini mwa Uingereza. Kimoja kinamwambia askari kwamba ametumiwa soksi, makubadhi jozi mbili na chupi mbili. Kingine ni cha mwaka kama 100 BK, Claudia Severa anamwalika mwenzake Sulpicia Lepidina kwenye birthday yake, Septemba. Karani ndo kaandika barua kwa mwandiko mzuri, halafu chini Severa kachukua kalamu mwenyewe, mwandiko wa kukwaruza kidogo, kaandika: nitakusubiri dada, kwaheri dada, roho yangu. Ni kati ya maandishi ya kale zaidi ya Kilatini yanayojulikana kwa mkono wa mwanamke. Picha zipo mtandaoni, zikuze uone mwandiko unavyobadilika pale chini.

Hatua ya 8: Kilatini kidogo, hakiumi

Sisi tuna faida hapa na hatuitumii. Irabu zao ni zetu, a e i o u. C ni K na V ni W kwa matamshi ya zamani, kwa hiyo Caesar walimtamka Kaisar, yaani Kaisari yetu iko karibu na wao kuliko Waingereza wanavyosema "Siza". Kitenzi chao kinabeba mtu na wakati ndani kama chetu, amo ni napenda, amabo ni nitapenda, neno moja kwa neno moja. Na sifa inafuata nomino, puer bonus, puella bona, mtu aliyekua na kitabu kizuri na mtoto mzuri hawezi kushtuka. Kinachosumbua ni miisho ya nomino kubadilika kutokana na kazi yake kwenye sentensi, hiyo inataka mazoezi, dakika ishirini kwa siku.

Mazoezi ya kwanza nakupa, shairi la Catullus la mistari miwili:

Odi et amo. Quare id faciam, fortasse requiris?
Nescio, sed fieri sentio et excrucior.

Nachukia na napenda. Labda waniuliza kwa nini nafanya hivyo? Sijui, ila nahisi yananitokea, na nateseka. Maneno 14, vitenzi ni 8, nomino hamna hata moja, na lile neno la mwisho ndani yake kuna crux, msalaba. Andika, tamka kwa sauti, tafsiri upya kwa Kiswahili chako, yangu sio ya mwisho.

Hatua ya 9: uje nayo Afrika

Jina Afrika lenyewe ni la kwao, lilikuwa jimbo walilolianzisha kwenye Tunisia ya leo baada ya kuivunja Carthage 146 KK. Terence, yule wa vichekesho, jina lake kamili ni Publius Terentius Afer, na inasimuliwa alizaliwa Carthage akapelekwa Roma akiwa mtumwa. Apuleius, aliyeandika riwaya pekee ya Kilatini iliyobaki nzima, kuhusu mtu aliyegeuka punda, ni wa Algeria ya leo. Mtakatifu Augustino pia ni wa Algeria, na ndiye anayekiri kwamba utotoni alimlilia Dido. Septimius Severus, Kaisari toka 193 mpaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya, na akafia York.

Halafu kuna Periplus ya Bahari ya Eritrea (jina la zamani la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi), mwongozo mfupi wa kibiashara wa karne ya kwanza BK, umeandikwa kwa Kigiriki na mtu wa Misri wakati Misri ni mali ya Roma. Nenda moja kwa moja kifungu cha 16 na 17. Anashuka na pwani yetu mpaka soko la mwisho, Rhapta, na anasema jina limetokana na mashua za kushonwa, sasa wewe unayezijua habari za mitepe ya Lamu utatulia hapo kidogo. Anasema manahodha Waarabu wa Muza, bandari ya Yemen ya leo, wanaifahamu pwani, wanaoana na wenyeji na wanajua lugha. Pembe za ndovu zinatoka kwa wingi, pembe za faru, magamba ya kasa, na wageni wanaleta mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Na divai na ngano kidogo, ambavyo sio vya kuuza, ni vya kutafuta urafiki na wenyeji.

Jaza safu zako tatu kwa kifungu hicho. Nani kasema, lini, na kwa wenyeji waliopewa hiyo divai, nani aliandika upande wao.